Baada ya Pasaka, Chagua Mlango Mmoja

Kila mwaka, Jumatatu ya Pasaka ikishapita, naulizwa swali lilelile. Mwaka huu aliyeanza ni dada mmoja wa jumuiya yetu, tukiwa tunakunja viti baada ya sala: "Kwaresima nilifunga, njia ya msalaba sikukosa hata Ijumaa moja, nguo nilitoa, hospitali nilikwenda na wenzangu kuwaona wagonjwa. Leo ni wiki mbili tu tangu Pasaka na nimerudi kulekule. Nifanyeje?"

Wengine wananiuliza kwa maneno tofauti, lakini jambo ni hilohilo. Jibu langu ni kwamba uchague mlango mmoja, siku moja na saa moja, uende, halafu usiache kwenda. Hapa chini naeleza namna ya kufanya hivyo bila kuchoka mapema na bila kumuumiza yule unayetaka kumhudumia.

## Kwa nini tunalegea

Kwaresima inatubeba kwa ratiba yake. Ina siku 40, ina Ijumaa zake, ina bahasha yake, na katekista anatukumbusha. Kipindi cha Pasaka ni kirefu zaidi, siku 50 hadi Pentekoste, ila hakuna anayetugawia kazi. Kwetu huku ndipo masika nayo hushika kasi, njia zinajaa tope, na mtu akirudi kazini amelowa hatoki tena.

Mtume Paulo alilijua jambo hili. Soma sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Aya zote 58 zimezunguka ufufuko, na katika aya ya mwisho anawataka wasimame bila kuyumba na waongeze bidii katika kazi ya Bwana. Kisha soma sura ya 16 inavyoanza: anazungumzia mchango! Kila siku ya kwanza ya juma, kila mmoja atenge kitu nyumbani kwake kadiri alivyojaliwa. Paulo anatoka kwenye parapanda ya mwisho na kuingia moja kwa moja kwenye kibubu. Kwake, kuamini ufufuko na kutenga kitu kila juma ni habari moja.

## Namna ya kuupata mlango wako

Usianze na kituo cha yatima kilicho mwendo wa daladala mbili. Utakwenda mara moja, utapiga picha, utarudi. Anza na mahali unapoweza kufika kwa miguu hata mvua ikinyesha.

Uliza watu wanaojua mtaa. Mwenyekiti wa jumuiya anajua wanaokuja kusali. Muuza genge anajua nani siku hizi ananunua fungu moja la mchicha badala ya matatu, na nani haonekani kabisa. Mjumbe wa shina naye anajua mengi. Wasikilize hasa wanaolalamika. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa upande wa Wayunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, manung'uniko yakazuka, na mitume hawakuyapuuza. Walisimamisha watu saba wa kuishughulikia kazi hiyo.

Hawa ndio tunaowasahau mara nyingi:

- Mzee anayeishi peke yake, au na mjukuu ambaye bado yuko shule ya msingi.
- Mjane ambaye matanga yameshaanuliwa. Wiki ya kwanza nyumba hujaa watu. Mwezi wa tatu hakuna anayebisha.
- Anayeuguza. Wote tunamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Yeye anayemwinua usiku kucha haulizwi.
- Mama aliyejifungua akiwa mbali na ndugu zake.
- Aliyetoka gerezani, ambaye hata majirani wanavuka barabara wakimwona.

Usichague kwa dini. Kama ni Mwislamu, ulizia saa za swala usije ukamwingilia, basi. Huduma hii isiwe chambo cha kumvutia mtu kanisani.

## Kabla hujabisha mara ya kwanza

Kwanza, omba ruhusa kwa wenye nyumba. Jitambulishe wewe ni nani na unakaa wapi, useme umesikia mzee haendelei vizuri na ungependa kuja kumsabahi. Wakisema si sasa, shukuru uondoke.

Pili, usiende na kundi. Watu 12 wenye fulana zinazofanana wanaoingia chumba cha mita tatu kwa tatu wanamfanya mgonjwa awe maonyesho.

Tatu, nenda na mwenzako mmoja. Yesu mwenyewe aliwatuma wanafunzi wawili wawili. Lejio ya Maria, iliyoanzia Dublin mwaka 1921, imeujenga utaratibu wake wote juu ya jambo hili: mwanachama anapewa kazi ya wiki, anaifanya na mwenzake, na kwenye mkutano unaofuata anatoa taarifa. Edel Quinn aliuleta utaratibu huo Afrika Mashariki mwaka 1936, mapafu yake yakiwa tayari yameliwa na kifua kikuu, akatumika hadi alipofariki Nairobi mwaka 1944. Hata kama wewe ni Mlutheri, Mwanglikana au Mmoraviani, uchukue utaratibu huu. Mwenzako atakupigia simu siku unayotaka kubaki kitandani, na mkiwa wawili masengenyo yanakosa pa kuanzia.

Nne, usiahidi. Ukiwa umeguswa moyo utataka kusema utamtafutia kiti cha magurudumu, utamsomesha mjukuu, utalipaka nyumba rangi. Funga mdomo. Sema tu, "Nitakuja tena Jumamosi saa 10 jioni." Hiyo ni ahadi tosha, na utaona ilivyo nzito.

## Shati jeupe

Naandika kwa sababu niliwahi kuivunja ahadi hiyo.

Nilikuwa namtembelea babu mmoja aliyepata kiharusi. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala. Jumamosi saa 10 nilikuwa nafika na chupa ya uji wa ulezi, namkata kucha, namsomea Injili ya Jumapili itakayofuata, tunanyoosha vidole vya ule mkono kimoja kimoja. Nusu saa, au dakika arobaini. Nilikwenda hivyo miezi miwili. Kisha Jumamosi moja kukawa na harusi, ya pili ikanyesha mvua kubwa, ya tatu nilikuwa nimechoka tu. Sikupiga simu. Nilijiambia mzee haelewi sana siku.

Jumamosi ya nne nikabisha. Bibi akafungua, nikamkuta babu ameketi amevaa shati jeupe, limefungwa vifungo hadi kooni.

"Shikamoo babu."

Aliinua mkono wa kushoto, mdomo ukahangaika kidogo, akatoa "marahaba" yake.

Nikamuuliza bibi kama kuna mahali wanakwenda. Akasema, "Hapana, mwanangu. Kila Jumamosi ikifika saa 8 ananionyesha lile shati nimvalishe. Akishavaa anaangalia mlango. Ikifika saa 12 ananionyesha nimvue."

Bibi hakunilaumu. Aliniletea kigoda nikaketi.

Uji babu alikuwa anaupata kwa mkewe kila siku. Nilichokuwa nimemnyang'anya ni Jumamosi yake. Tangu siku ile nina sheria mbili ambazo naomba uzichukue kama zilivyo. Ya kwanza: usipoweza kwenda, toa taarifa kabla ya saa yako, si baadaye. Ya pili: ukikosa mara moja, usikose mara ya pili mfululizo, mtume hata mwenzako akae dakika kumi.

## Ukimhudumia mgonjwa wa kitandani

Mapenzi mema yasiyo na maarifa huumiza. Mambo haya nimefundishwa na wauguzi:

- Usimlishe akiwa amelala chali. Muinue mgongo na kichwa, mpe kijiko kidogo, subiri ameze ndipo uongeze. Akipaliwa kila anapokunywa, simamisha na watu wa nyumbani wawaeleze wahudumu wa afya. Chakula kinaweza kuingia njia ya hewa.
- Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi. Chunguza visigino, nyonga na chini ya mgongo. Ngozi ikibadilika rangi au ikiwa ya moto, kidonda kinakuja. Usiisugue, mwondolee mgandamizo mahali hapo.
- Usimvute kwa mkono uliopooza unapomwinua. Bega linateguka kirahisi.
- Dawa za presha ni za kila siku, hata akijisikia mzima. Andika tarehe ya kliniki kwa herufi kubwa, bandika ukutani. Usimletee vidonge ulivyoandikiwa wewe, hata kama ugonjwa unafanana.
- Kumwogesha ni kwa ridhaa yake, na mwanamume ahudumiwe na mwanamume inapowezekana. Mlango ufungwe na shuka iwe karibu.
- Muulize anayemuuguza: "Nikikaa hapa saa moja, wewe ungependa kufanya nini?" Wengi watasema kulala. Mwache alale.

Na hili lishike kwa nguvu. Mtu mdomo ukimwenda upande ghafla, mkono ukikosa nguvu au maneno yakianza kukwama, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Msingoje rozari iishe wala mchungaji afike. Sala iendelee mkiwa kwenye gari.

## Pesa

Hapa ndipo huduma nyingi zinapovunjikia, kwa hiyo nasema bila kuzunguka.

Jiwekee kiwango kabla hujatoka nyumbani, kama Paulo alivyoagiza: kadiri ulivyojaliwa, na kila juma. Shilingi 2,000 inayotoka kila wiki inasaidia kuliko 50,000 iliyotoka Pasaka ikaishia hapo. Panapohitajika dawa, lipa dukani moja kwa moja kwa Lipa Namba yao. Usikopeshe. Ukiweza kutoa, toa. Ukishakuwa mdai, utakuwa unabisha hodi na mwenye nyumba anajificha. Fedha za jumuiya zihesabiwe na watu wawili na ziandikwe daftarini siku ileile, hata kama mwekaji ni mtu tunayemwamini kabisa. Daftari linamlinda yeye pia.

Na tafadhali, picha. Usimpige picha mama wa watu akiwa na kanga ya kulalia ukaiweka kwenye kundi la WhatsApp ili michango ije. Kama ni lazima kuchangisha, muombe ruhusa, eleza hali kwa maneno, ficha jina.

## Wanapokuwepo watoto

Kumsaidia mtoto wa jirani masomo ni huduma nzuri sana, na vijana wetu wanaiweza. Masharti hayana mjadala: mkae sebuleni au barazani, mlango wazi, mzazi au mlezi ajue siku na saa. Usikae na mtoto faragha, usimpe zawadi za siri, usimtumie ujumbe usiku. Ukiona dalili kwamba mtoto anaumizwa, usianze upelelezi wako na usilimalize "kifamilia". Toa taarifa kwa ofisi ya ustawi wa jamii au polisi. Namba ya bure ya kuomba msaada kwa ajili ya mtoto ni 116, Tanzania na Kenya pia.

## Mnayonipinga

"Sina muda. Natoka kazini saa 1 usiku." Basi mlango wako uwe wa njiani. Kuna kaka anayebeba ndoo mbili za maji za bibi mmoja kila asubuhi akielekea kituoni. Dakika tano. Ana mwaka wa tatu sasa.

"Sina kitu, na mimi mwenyewe nahitaji kusaidiwa." Kama hujala leo, nenda kwa jumuiya useme, huo si upungufu wa imani. Lakini kama unachokosa ni pesa tu, fikiria Dorkasi wa Yafa. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Aliwaachia kazi ya sindano yake. Wewe unaweza nini? Kusuka nywele, kujaza fomu za bima, kuziba bati linalovuja?

"Watanizoea, watanitegemea." Hofu hii ina haki yake. Dawa yake ni kutofanya peke yako na kutofanya yale ambayo mtu anayaweza mwenyewe. Kama bibi anaweza kuosha vyombo akiwa ameketi, mwache aoshe, wewe futa. Lakini kuzoeleka kwa maana ya kusubiriwa, hilo ndilo tulilolitafuta.

"Hana hata asante." Wapo. Maumivu humfanya mtu awe mkali, na aibu ya kusaidiwa humfanya awe mkali zaidi. Mpe miezi mitatu kabla hujaamua. Akikutukana au kukutishia, hapo ondoka, uwaeleze viongozi.

"Hii si kazi ya padre na mchungaji?" Parokia moja inaweza kuwa na maelfu ya waumini na mapadre wawili. Akija mara moja kwa mwezi na Komunyo amefanya kubwa. Jumamosi nyingine ni zetu.

"Mwenzangu wa ndoa hataki." Msikilize kwanza. Mara nyingine analosema ni kwamba wewe unapakua uji mtaa wa pili huku mama yake mkwe, yaani mama yako, hujamsalimia wiki nzima. Kama ni hivyo, mlango wako umeshaupata, tena una funguo zake. Kumhudumia aliye chini ya paa lako ni huduma kamili, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu hakuna anayekuona.

## Makosa ya mara kwa mara

- Kuanza na milango mitano. Ifikapo Pentekoste utakuwa huna hata mmoja.
- Kuhubiri kwa dakika 40 kwa mtu mwenye maumivu. Omba kwa ufupi, tena ukiruhusiwa.
- Kuchukua siri ya chumbani na kuileta jumuiyani kama "ombi la sala".
- Kununua wewe unachoona anahitaji. Muulize. Tuliwahi kumpelekea mama mmoja blanketi la tatu. Alikuwa anataka betri ya redio.
- Kuacha Misa au ibada ili uhudumu zaidi. Utakauka.

## Ukiwa umeshaacha

Huenda unasoma hapa na kuna mlango ulioacha kuubisha tangu mwaka jana, na sasa unaona aibu hata kupita njia ile. Rudi. Usiandae maelezo marefu, sema "Nilipotea, naomba mnisamehe," uketi.

Petro alimkana Bwana karibu na moto wa makaa. Katika sura ya 21 ya Yohana anamkuta Mfufuka ufukweni, amewasha moto wa makaa, kuna samaki na mkate. Yesu akamlisha kwanza, yeye na wenzake. Walipokwisha kula ndipo alipomuuliza mara tatu kama anampenda, na kila mara akamkabidhi kondoo. Lawama hazikusomwa. Alipewa chakula na kazi.

Kwa hiyo nawe ule kwanza. Nenda kaungame kama ndiyo desturi ya kanisa lako, pokea meza ya Bwana, lala usingizi wa kutosha, halafu Jumamosi vaa viatu.

## Mwenye mlango akifariki

Hili watu hawaniulizi, ila litakuja. Ukikaa na mzee mwaka mzima kuna siku utaitwa usiku. Nenda msibani kama jirani; usijifanye msemaji wa familia. Bebeni maji, kateni kuni, andikeni rambirambi. Kaburini imbeni za Pasaka hata kama ni mwezi wa Agosti, maana ndipo tunapohitaji kuzisikia.

Babu wa shati jeupe tulimzika siku ya Jumatano. Watoto wake walikuja kutoka mikoani, matanga yakaanuliwa, wakaondoka. Jumamosi ilipofika nilijiuliza niende kufanya nini, kwa kuwa niliyekuwa namwendea hayupo. Nikakoroga uji saa ileile ya 9, nikaumimina kwenye chupa, nikaenda. Bibi alikuwa ameketi barazani, na pembeni yake ameshaweka kile kigoda.